Kitanda Namba Tatu

"Hizo nepi zako hazina mwisho? Kamba nzima, tangu mlangoni kwako mpaka bombani! Sisi wengine tuanike wapi, puani?"

"Kamba ni ya nyumba, Mama Sabuni. Aliyewahi kaanika."

"Nyumba ina vyumba sita, si kimoja! Kesho nikienda kazini na gauni bichi, msimamizi atanielewa?"

"Nenda nalo bichi. Labda litakupoza roho."

Waliokuwa foleni ya maji waliguna kwa raha. Ugomvi wa kamba katika nyumba ile ulikuwa kama taarifa ya habari, ukiikosa ya leo utaisikia ya kesho. Redio, mpangaji wa chumba cha mbele, ambaye jina hilo alilipata kwa juhudi za mdomo wake, alikuwa amekwisha pindua ndoo akaikalia, na vitunguu vyake alivimenya polepole kuliko kawaida, asije akamaliza kabla ya mechi kwisha.

Mama Sabuni alikuwa mfanya usafi wa wodi ya wazazi kwenye hospitali kubwa, mwanamke mpana, mcheshi, anayenukia dawa ya sakafu hata siku ya mapumziko. Huyo aliyekuwa akigombana naye alishona sare za shule kwenye cherehani iliyokaa barazani, na nyumba nzima ilimwita Fundi. Kwa kawaida wawili hao walikuwa damu damu. Waliazimiana chumvi, wakasukana nywele, wakawasema waume za watu mpaka machozi ya kicheko yakawatoka. Lakini Jumatatu hiyo maji yalikuwa yametoka kidogo yakakatika, jua lilikuwa linachoma, na kila mmoja aliamka na lake moyoni.

"Nepi, nepi, nepi!" Mama Sabuni aliivuta moja kambani akaitupa juu ya nyingine. "Mtoto anatimiza miaka mitatu wiki hii! Wenzake wanakwenda chooni wenyewe na kurudi na umbea."

Redio aliacha kisu juu ya kitunguu.

Kwenye mkeka, pembeni mwa cherehani, mtoto mwenyewe alilala ubavu, shingo imeegemezwa mto wa mabaki ya vitambaa. Walimpa jina la Mheshimiwa, kwa sababu habebi kitu, hatembei kwa miguu yake, analishwa, anabebwa, na wapiga kura wake hajawahi kuwajibu hata neno moja. Mama yake ndiye aliyeuanzisha utani huo, ili wengine wasianzishe wa kwao. Mikono ya Mheshimiwa ilikuwa imejikunja kifuani, vidole vimefumbata gumba. Macho yake yaliifuata nepi iliyoanguka.

Maneno yalimtoka Fundi kabla hajayakamata.

"Wewe ndiye wa kunisema? Wewe? Uliyesimama na fagio lako ukitazama saa zinapita, mwanangu anakata roho tumboni, na manesi wako chumba cha pili wanakula keki! Si ulinieleza kwa mdomo wako? Si ulisema hawakunigusa tangu asubuhi mpaka mchana? Waambie na hawa, basi! Waambie Ijumaa unakwenda kwa wakili kutia sahihi!"

Mama Sabuni alimtazama Fundi kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Halafu akaokota magauni yake mabichi, akayakumbatia, yakamlowesha kifua, akaingia ndani na kufunga mlango taratibu. Ule utaratibu ndio uliomtisha Fundi.

"Lo," alisema Redio, kwa sauti ndogo kabisa. "Kumbe."

*

Siri yenyewe ilikuwa na mwezi mmoja tu. Walikuwa wawili wakimwogesha Mheshimiwa, Fundi ameshika shingo, Mama Sabuni anamwaga maji, ndipo Mama Sabuni akasema, bila kuinua uso: "Unajua siku ile nilikuwa zamu."

Fundi hakujua. Siku ile hakuwa akimjua mtu. Alikuwa kitanda namba tatu, ameshika chuma cha kitanda, anaita nesi, nesi, na kutoka chumba cha pili zinakuja nyimbo na makofi. Alidhani ni uchungu unamchezea masikio. Kumbe walikuwa wanamuaga mkuu wa wodi aliyekuwa anastaafu. Aliingia saa mbili asubuhi, wakampima mara moja. Waliporudi ilikuwa saa saba na nusu, na mtoto alipotoka alikuwa wa rangi ya majivu na hakulia. Walimpeleka kwenye mashine, wakamrudisha baada ya siku sita wakisema amepona, wamshukuru Mungu.

Wakashukuru. Mwaka mzima walishukuru, wakingoja shingo ikaze. Wengine walisema ni uvivu wa mtoto wa kwanza, wengine wakasema jicho la watu. Mpaka yule mtaalamu wa viungo, kijana mwenye mikono ya joto, alipomkunjua Mheshimiwa miguu akauliza: "Alipozaliwa alilia?" Fundi alipojibu, kijana yule alimweleza habari ya ubongo uliokosa hewa. Hapo ndipo alipoanza kutafuta wakili, na kumpata mmoja katika ofisi ya msaada wa kisheria, juu ya duka la misumari na mabati.

Wakili aliomba faili la hospitali, na baada ya barua nne likaja. Ndani yake mlikuwa na ile karatasi ya mistari ambayo nesi huandika mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, wenyewe wanaiita chati ya uchungu. Chati ilikuwa imejaa. Kila nusu saa, tangu saa mbili hadi saa saba, mapigo mia na arobaini, mia na arobaini, mia na arobaini, kwa wino uleule na mwandiko uliolala upande uleule, kama mtu aliyekaa kitako akaijaza yote kwa pumzi moja.

"Kwa karatasi hii," wakili alimwambia, "ulitunzwa kama malkia. Nani mwingine alikuwepo?"

Ndiyo maana maneno ya Mama Sabuni juu ya beseni yalimfanya Fundi karibu amwachie mtoto majini. Walilia pamoja, wakacheka, wakalia tena. Mama Sabuni akakubali kutoa maelezo, ila kwa sharti moja: siku ya mwisho kabisa, ili asikae hospitalini hata siku mbili watu wakijua kabla kesi haijafunguliwa. Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa hii, kwani sheria iliwapa miaka mitatu tangu siku ya tukio, nayo ingetimia Jumamosi, siku ambayo mahakama imefungwa. Mume wa Fundi tu ndiye aliyeambiwa, naye ni mwoka mikate, mtu wa kuamka alfajiri na kuongea mara mbili kwa wiki.

Siri ikakaa mwezi mzima. Kamba ya nguo ikaitoa kwa dakika moja.

*

Jumanne saa sita mchana Mama Sabuni alirudi kutoka kazini. Zamu yake huisha saa kumi. Alipita barazani bila salamu, mkoba kwapani, viatu vya mpira mkononi.

Fundi alisimamisha cherehani. "Mama Sabuni, dada yangu..."

Mlango.

Siku nzima hakufungua. Jumatano Fundi aliona heri aibu kuliko kukaa. Alimbeba Mheshimiwa kiunoni, kichwa cha mtoto kimemlalia bega, akaenda kusimama pale pale mlangoni.

"Nipige," alisema kupitia ubao wa mlango. "Toka unipige makofi mbele ya watu, nami sitainua mkono. Ila usininyamazie."

Mlango ulifunguliwa nusu. Macho ya Mama Sabuni yalikuwa yamevimba.

"Unataka nini tena? Hukutosheka?"

"Ulimi uliniponyoka. Uliponitajia mtoto..."

"Nilikosea kumtaja mtoto. Nakiri. Hilo ningekuja kuliomba radhi jioni ile ile, na vitumbua mkononi." Alimeza mate. "Wewe je, utaomba radhi kwa lipi? Jana saa tatu nimeitwa ofisini. Saa tatu! Maneno yametoka humu yamefika wodini kabla yangu mimi ninayekwenda kwa miguu. Wamekaa wakubwa watatu, mlango umefungwa kwa ufunguo. Karatasi iko mezani imekwisha chapwa. Inasema siku ile sikuwa zamu, nilikuwa mapumziko. Wakasema, tia sahihi, au acha ufagio hapo na utoke."

"Ukafanyaje?"

"Nina watoto wanne na mama kitandani. Nilifanyaje, unafikiri?"

Redio, aliyekuwa akipita na ndoo, aliona afadhali kurudi alikotoka. Jumatatu jioni alikuwa amemsimulia muuza mkaa tu, na shangazi yake, na tena kwa uchungu.

"Kwa hiyo mimi ni mwongo," Fundi alisema. "Sikulala pale. Sikuita nesi."

"Usinipandishe wazimu!" Mama Sabuni aliupiga ubao kwa kiganja. "Nani kasema ulidanganya? Mimi niliandika! Siku ile ile, kwenye daftari langu la usafi, kitanda na saa, kama ninavyoandika siku zote! Wakimpima mtu, glavu zinaingia ndooni kwangu, nafuta kitanda, naandika. Kitanda cha tatu, saa mbili na robo. Kisha hakuna. Hakuna, hakuna, mpaka saa saba na nusu. Chati yao waliikumbuka, kidaftari cha mfagizi nani akikumbuke? Kiko stoo chini ya madumu ya sabuni. Nikufanyie nini zaidi ya hapo? Nikupe na figo?"

Mheshimiwa alishtushwa na ubao, mwili ukamkakamaa kama ufanyavyo akisikia kishindo, mgongo ukapinda nyuma. Fundi nusura amwangushe. Mikono minne ilimdaka. Kwa muda wanawake hao wawili walisimama kizingitini wameshika mtoto mmoja, wanamsugua mapaja mpaka msuli ulegee, bila kutazamana. Alipolegea, Mama Sabuni aliondoa mikono yake, akafunga.

*

"Rudia hapo," wakili alisema Alhamisi.

Fundi alikuwa amemsimulia yote, kwa sauti zote, sauti yake na ya Mama Sabuni, mpaka jinsi ubao ulivyolia. Hakujua kusimulia kwa kifupi, na wakili alikwisha kata tamaa ya kumfundisha.

"Ubao?"

"Daftari."

Akarudia. Wakili, binti mwembamba anayevua viatu chini ya meza akidhani haonekani, aliandika haraka.

"Leo hii nawapelekea barua, wasiliguse daftari hilo. Na mahakamani tutaomba liletwe. Lakini usifurahi bado. Daftari bila mwenyewe ni makaratasi. Watasema la wodi nyingine, watasema limeloa. Anatakiwa mtu aseme, huu ni mwandiko wangu, na hivi ndivyo tunavyofanya kazi."

"Amekwisha watilia sahihi."

"Mtu aliyetia sahihi mlango umefungwa kwa ufunguo anaweza kuapa upya, akaeleza na huo ufunguo. Kwa hiari yake, lakini. Mimi siwezi kumvuta, wala wewe. Ukimvuta, watasema umemnunua."

Fundi alimgeuza Mheshimiwa pajani, ubavu wa pili. Kila saa moja na nusu alimgeuza, nyonga isije ikachubuka. "Na tukiacha kesi, hakuna njia nyingine?"

"Zipo. Tunaweza kulalamika kwenye baraza linalosimamia manesi na madaktari. Pengine wamwadhibu aliyeandika chati. Kwako wewe hilo halileti kiti cha kumkalisha wala mazoezi ya viungo. Tunaweza kuzungumza na hospitali wenyewe, na barua yao si unayo? Tunachunguza, tunachunguza. Miezi minane wanachunguza. Wanajua mazungumzo hayasimamishi kalenda. Wakishachunguza mpaka Jumamosi, Jumatatu watakuja kukupa pole tu."

"Na tukifungua, tutashinda?"

Wakili alitafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu. "Sijui, dada. Ningesema ndiyo ningekudanganya. Miaka mitatu, minne, itakwenda. Watakuuliza ulikula nini ukiwa na mimba. Watakuuliza mbona hukwenda hospitali nyingine."

"Mimi naweza kuulizwa chochote." Sauti ya Fundi ilikuwa imekauka. "Usiku silali, najiuliza mwenyewe. Swali ni moja tu. Siku nikifa mimi, na baba yake, nani atamgeuza huyu? Nani atajua kwamba akikodoa jicho la kushoto ana kiu? Sitaki wafungwe. Keki yao waliila, iwashuke salama. Nataka mtu wa kumgeuza."

Wakili alimwambia tu: kesho, dirisha la masijala ya mahakama, mwisho saa tisa alasiri.

*

Alhamisi jioni Fundi alipenyeza kikaratasi chini ya mlango wa Mama Sabuni, na usiku akapenyeza kingine. Mahali, saa, jina la jengo la mahakama. Hakuandika tafadhali, kwa kuogopa kumvuta.

Ijumaa alikaa kwenye benchi la ukumbi wa mahakama tangu saa nne. Benchi lilikuwa la mbao, refu, limeng'arishwa na makalio ya watu wenye shida. Kila mlango ulipolia aliinua shingo. Aliingia mwenye mgogoro wa kiwanja, akaingia mzee na mkewe wanaodaiana talaka huku wakigawana karanga, akaingia askari. Alipoona mwanamke mpana mwenye kitambaa cha buluu kichwani alinyanyuka kabisa na mtoto wake. Hakuwa yeye.

Saa nane na nusu wakili alipiga simu ya Mama Sabuni kwa mara ya sita. Iliita mpaka ikachoka.

"Dakika kumi nyingine," Fundi alisema.

Zikaisha.

"Tano."

"Dada, nisikilize." Wakili alichuchumaa mbele yake. "Maelezo ya shahidi tunaweza kuyaongeza baadaye, kesi ikiwa hai. Tarehe haiongezwi. Tukizidi kumsubiri, hata akija kesho na Biblia na Kurani mkononi hatakuwa na pa kusemea."

Karani wa dirishani alikuwa amekwisha anza kufunga kalamu zake. Alizipokea karatasi bila kuinua macho, akazihesabu kwa kidole kilichoramba sponji, akauliza jina la mtoto. Fundi alilitaja, jina lake la cheti. Lilisikika geni, kama la mtoto mwingine anayekimbia mahali fulani. Muhuri ukagonga mara tatu. Mheshimiwa akakakamaa, na Fundi akamsugua mapaja pale pale dirishani, watu nyuma yake wakisonya.

Hakuna kilichobadilika. Alidhani atahisi kitu. Alitoka nje na kesi mkononi, kesi yenye chati ya mapigo mia na arobaini, na mama mmoja anayesema si kweli.

*

Alipofika nyumbani jua lilikuwa limelala upande wa bomba. Redio alimwona akainamia mchele wake, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie pale hakuuliza kitu. Ndani, mume wa Fundi alikuwa ametoka kiwandani na unga bado kwenye nyusi, anapakua.

Mama Sabuni alikuwa amekaa kizingitini kwake. Gauni la kazi, kitambaa cha buluu, viatu vya kutokea.

Fundi alisimama. Alikuwa na maneno mengi mno, aliyapanga njia nzima, mengine makali ya kukata kitambaa kizito.

"Nilifika," Mama Sabuni alisema, akiitazama ardhi. "Nilifika mpaka getini. Nikaona gari la hospitali limeegeshwa, mmoja wa wale watatu wa ofisini yuko ndani anakunywa maji. Miguu ikakataa, mama. Nikasimama kwenye kibanda cha fotokopi saa nzima kama mwizi. Simu naiona inaita. Nikaiona inaita." Alijifuta pua kwa kiganja. "Mmeifungua kesi?"

"Imefunguliwa."

"Bila mimi."

"Bila wewe. Wakili anasema nafasi ya kusema bado ipo."

"Ndiyo unaniomba?"

Fundi alimhamisha mtoto bega la pili. Mkono ulikuwa umekufa ganzi. Angesema siombi, angekuwa mwongo, na uongo ulikuwa umetosha kwenye faili lile.

"Nakuomba. Na kesho nitakuomba, na keshokutwa, mpaka unichukie. Nikinyamaza nitakuwa sina haki ya kumtazama huyu." Aliinamisha kichwa. "Lakini Jumatatu nilikuuza mbele ya nyumba nzima, kwa ajili ya kamba. Hilo halina wakili. Kwa hilo nasema nisamehe, hata kama hutakwenda kusema kamwe."

Mama Sabuni alitazama mguu wa Mheshimiwa unaoning'inia, kidole gumba kimejikunja, akaurudisha ndani ya kanga kama mtu anayerekebisha pazia la nyumba yake.

"Wazo la kula limenitoka tangu jana," alisema mwishowe, kama anayesema na hewa.

Kutoka ndani mwoka mikate alichungulia, kijiko mkononi. Aliwatazama wote watatu, na kwa kuwa alikuwa na maneno machache ya wiki hiyo, aliyatumia hapo.

"Shemeji, sahani yako nimekwisha pakua. Ingieni, tule."